Nungunungu Hana Upinde

Miaka niliyoshika chaki, na baadaye miaka niliyokalia kiti cha mkuu wa chuo cha ualimu, nimesikia mambo mengi ya uongo yakifundishwa kwa sauti ya ukweli. Mengine yalikuwa makubwa, na kuyasahihisha kulihitaji vitabu na maabara ambazo hatukuwa nazo. Lakini uko uongo mmoja mdogo ambao umeniudhi kupita yote, kwa sababu dawa yake iko njiani, karibu na lango la shule, na hakuna anayejitaabisha kuinama aiokote. Uongo wenyewe ni huu: ati nungunungu akikasirika huirusha miiba yake kama mishale.

Hairushi. Hajapata kuirusha, na hana kiungo chochote mwilini cha kuirushia. Naliandika jambo hili mapema ili msomaji mwenye haraka aende nalo, hata kama hatafika mwisho wa makala. Aliye na subira nitamweleza kwa nini mzee wa umri wangu anapoteza wino kumtetea mnyama anayekula mihogo yake.

Wapo wanaodhani kwamba uongo huu ni urithi wa mababu zetu wasiosoma. La hasha! Uongo huu umeandikwa na wasomi wakubwa. Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alimtaja nungunungu kuwa ni mnyama arushaye miiba. Pliny wa Roma akalirudia jambo hilo katika karne ya kwanza, na waliokuja baada yao wakanakili, na walionakili wakanakiliwa. Wazee wawindaji niliozungumza nao vijijini, ambao hawakupata kukalia dawati, waliniambia bila kusitasita kwamba mnyama huyu hupigana kwa kurudi nyuma. Walijua kwa sababu walikuwa wakimtazama, na mbwa wao walikuwa wakiumia. Kwa hiyo katika suala hili asiyesoma alikuwa na elimu, na msomi alikuwa na kitabu tu.

Hebu tumtazame mnyama mwenyewe. Nungunungu ni wa jamii ya wagugunaji. Panya wa darini ni ndugu yake wa mbali. Wa karibu zaidi ni ndezi na fuko. Ndiye mgugunaji mkubwa kuliko wote katika Afrika, na duniani wanaompita ni wachache mno. Mtu mzima wake huwa na uzito wa kilo 12 hadi zaidi ya 20, na urefu wa mwili wake, bila mkia, hupita sentimita 60. Hapa Tanzania tunao wa aina mbili zinazofanana sana. Mmoja ni yule ambaye Linnaeus wa Sweden alimpa jina la kisayansi mwaka 1758, naye hupatikana kuanzia Afrika ya Kaskazini, na hata Italia, hadi kwetu. Wa pili alielezwa na Mjerumani Peters mwaka 1852, baada ya safari yake ya Msumbiji, naye ameenea kuanzia Kenya hadi ncha ya kusini ya bara letu. Nchi yetu ni mahali ambapo wawili hao hukutana, na bado watoto wetu huwajua kwa hadithi tu.

Miiba yake ni nywele. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila mwalimu angepaswa kulifundisha. Ni nywele zilizonenepa na kukakamaa, zilizotengenezwa kwa keratini, yaani kitu kilekile kinachofanya kucha zako na pembe ya ng'ombe. Wala haifanani yote. Kuanzia kichwani hadi mabegani ana nywele ndefu nyembamba zinazopinda, ambazo huzisimamisha zikawa kama kilemba. Mgongoni na kiunoni ndiko kwenye silaha: miiba minene, migumu, yenye pete nyeusi na nyeupe, mingine ikifika sentimita 30. Mkiani kuna ajabu nyingine. Huko miiba ni mifupi, iliyo wazi ndani na iliyokatika nchani, imeshikwa na vikonyo vyembamba. Akiutikisa mkia, vikombe hivyo hugongana vikalia kama kayamba. Hiyo ni sauti ya onyo. Anamwambia adui: nimekuona, pita njia yako.

Sasa tuuchunguze huo unaoitwa upinde. Miiba imepandwa katika ngozi kama nywele nyingine zilivyopandwa, na chini yake kuna misuli ya kuisimamisha. Ni kazi ya namna ileile inayofanyika mkononi mwako unapopigwa na baridi na malaika yako yakasimama. Je, malaika yako yamepata kuruka yakamchoma jirani? Msuli unaosimamisha unywele hauwezi kuutupa, sembuse kuutupa kwa nguvu ya kupenya ngozi ya simba. Kweli, mwiba uliokomaa hulegea, hung'oka na kudondoka, na mwingine huota mahali pake, kama nywele zinavyobaki katika kitana. Ndiyo maana miiba huokotwa njiani asubuhi mahali ambapo hapakuwa na vita wala adui. Na mnyama anapojitikisa kwa hasira, mmojammoja uliokwisha kulegea unaweza kuanguka. Muongo akiona mmoja umeanguka, hutangaza kwamba mia imerushwa.

Basi hupigana vipi? Kwanza hukimbia, akiweza. Akikosa njia husimama, hutimua miiba hata akaonekana mkubwa maradufu, hupiga chini miguu ya nyuma, hutikisa kayamba yake na kukoroma. Adui asipoelewa lugha hiyo, nungunungu humgeuzia mgongo na kumrukia kinyumenyume, au kwa ubavu, kwa ghafla sana. Miiba huingia mwilini mwa adui kwa uzito wa mwili wa nungunungu na kwa mbio za adui mwenyewe, kisha hung'oka na kubaki humo. Yote hutendeka kwa kufumba na kufumbua, tena gizani. Mwenye mbwa huona mbwa amekwenda mzima na amerudi analia, mdomo umejaa miiba, naye huhitimisha kwamba alipigwa mishale.

Lakini mtazame vizuri mbwa huyo. Miiba iko wapi? Iko puani, mdomoni, kifuani na katika miguu ya mbele. Mpiga mishale angempata popote, hata mgongoni na mkiani. Miiba imekaa pale ambapo mbwa alitangulia kugusa. Mwili wa mbwa ni ushahidi tosha mahakamani, lakini hakimu hataki kuutazama.

Ushahidi wa namna hiyo umeandikwa kwa wanyama wakubwa zaidi. Mwaka 2019 Journal of East African Natural History lilichapisha utafiti uliokusanya kumbukumbu za simba waliojeruhiwa au kuuawa na miiba ya nungunungu. Mmoja wao aliuawa nchini Kenya mwaka 1965 baada ya kugeuka mla watu, naye alikutwa na mwiba uliozama puani. Simba mwenye uso uliooza usaha hawezi kumshika pundamilia. Humtafuta kiumbe dhaifu zaidi, naye ni mimi na wewe. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa India ambaye alikuja kumalizia maisha yake Nyeri, akafariki huko mwaka 1955, aliandika habari za chui milia jike wa Muktesar. Mnyama huyo alipoteza jicho moja katika vita na nungunungu, na miiba ipatayo 50 ikamwingia mguuni. Kabla ya kuuawa alikuwa ameua watu 24. Na mwezi Juni mwaka 2015, huko Lake Eland, Afrika Kusini, chatu wa karibu mita 4 alionekana amefura tumbo, kisha akakutwa amekufa. Ndani yake mlikuwa na nungunungu wa karibu kilo 14. Hakuna hata mmoja katika hao aliyepigwa kwa mbali. Wote walimfuata, wakamgusa.

Msomaji ataniuliza: Mzee, akirusha au asirushe, kuna tofauti gani? Miiba si imeingia? Tofauti ipo, na kwanza ni ya usalama. Kijana aliyefundishwa kwamba nungunungu hurusha mishale huogopa kusimama mbele yake, kama watu wanavyoogopa kusimama mbele ya bunduki. Kwa hiyo atazunguka nyuma, ampige rungu akiwa huko. Na huko nyuma ndiko kwenye hatari yote! Uongo huu humtoa mtoto mahali penye nafuu na kumpeleka penye silaha. Tungemfundisha ukweli, angejua kwamba hatua kumi tu kutoka kwa mnyama huyu yuko salama kabisa, mbele na nyuma, na kwamba njia iliyo bora ni kumwacha aende zake.

Tofauti ya pili inahusu akili ya mtoto, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Karibu na chuo nilichokiongoza ilikuwapo shule ya msingi ambako wanachuo wetu walifanyia mazoezi ya kufundisha. Katika mtihani wa darasa la nne paliulizwa: nungunungu hujilinda namna gani? Msichana mmoja, mtoto wa mkulima, aliandika kwamba hugeuka akaenda kinyumenyume akachoma. Akapigwa mkasi mwekundu. Jibu lililotakiwa lilikuwa: hurusha miiba. Mwanachuo wangu alipolalamika, nami nikaenda kumtetea msichana yule, mkaguzi mmoja aliyekuwa akitembelea shule alitujibu kwa upole kwamba mwongozo wa kusahihishia ndio mwongozo, na hauwezi kubadilishwa kwa sababu ya mtoto mmoja. Nilileta miiba, nikaonyesha shina lake lilivyo. Aliitazama, akasema ni mizuri, akanirudishia. Muhula uliofuata swali lilelile lilirudi. Msichana aliandika: hurusha miiba. Akapata alama yake.

Naomba kila mwalimu asomaye aitafakari alama ile. Mtoto alikuja shuleni akiwa na elimu aliyoipata kwa macho yake katika shamba la baba yake, nasi tukamnyang'anya. Tena hatukumnyang'anya kwa hoja, maana hoja ilikuwa upande wake. Tulimfundisha kwamba akitofautiana na karatasi, basi macho yake ndiyo yenye kosa. Mtoto huyo akiwa mtu mzima, na akaambiwa na mwenye cheo kwamba mto uliokauka mbele yake umejaa maji, atasema nini? Atatafuta alama yake, kama tulivyomzoeza.

Kuna makosa mengine yanayokuja na hilo, na yote yana mzazi mmoja, yaani kutotazama. Walimu wengi humchanganya nungunungu na kalunguyeye. Nimeona somo la nungunungu likifundishwa kwa picha ya kalunguyeye aliyejikunja kama mpira. Kalunguyeye ni kiumbe kidogo cha kiasi cha viganja viwili, hula wadudu, na wala si mgugunaji. Yeye hujikunja, nungunungu hawezi. Wengine huchukua picha za nungunungu wa Marekani, anayepanda miti na mwenye miiba mifupi yenye vijino vinavyokwama nyamani kama ndoana. Wa kwetu haishi mitini, na miiba yake ni laini, haina vijino. Mtoto akifundishwa mnyama wa Marekani kwa picha na wa kwetu kwa uvumi, atakuwa hajafundishwa mnyama yeyote.

Na hasara kubwa ni kwamba uongo umeziba mlango wa mambo ya kweli ambayo ni ya ajabu zaidi. Ni watoto wangapi waliokwisha kuambiwa kwamba nungunungu dume na jike hukaa pamoja miaka na miaka, na kwamba wote wawili huwalea watoto? Mimba huchukua kama miezi mitatu. Mtoto huzaliwa macho yakiwa wazi na miiba ikiwa laini, ili asimdhuru mama, kisha miiba hukakamaa katika muda mfupi. Chuchu za mama ziko ubavuni, si tumboni, na hivyo mtoto hunyonya bila taabu. Hupenda kukaa katika mashimo yaliyochimbwa na mhanga, akayapanua kwa kazi yake. Na ukichungulia mlangoni pa shimo unaweza kukuta mifupa mikavu iliyotafunwa. Yeye si mla nyama. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo huyanoa kwa kuguguna mifupa, na papo hapo hupata madini ambayo mizizi na magome hayampi. Wataalamu wanaochimba mapango ya kale ya Afrika Kusini imewabidi wajifunze alama za meno yake, ili wasije wakadhani kila mfupa wa pangoni umeletwa na binadamu wa kale au na fisi.

Hata uchimbaji wake una faida. Katika jangwa la Negev, nchini Israel, watafiti walichunguza vishimo vinavyoachwa na nungunungu wa huko anapotafuta viazi vya mwituni. Waligundua kwamba vishimo hivyo hukusanya maji ya mvua na mbegu zinazopeperushwa, na mimea huota humo kwa wingi kuliko kwenye ardhi ngumu iliyo kando. Sisemi kwamba mkulima wa Singida amshukuru nungunungu kwa kumchimbia shamba. Nasema kwamba kiumbe ana sura nyingi, nasi tumechagua kufundisha ile moja ambayo hanayo.

Najua mkulima atanijibu kwa ukali, na ana haki. Nungunungu hula muhogo, karanga, viazi, maboga na mahindi, tena huharibu zaidi ya anachokula. Shamba la shule tulilolilima enzi za Elimu ya Kujitegemea lilimwonja kila mwaka. Siombi aachwe atufilisi. Lakini tazama jinsi ujinga unavyotugharimu hata katika vita hivi. Kwa kuwa watu wanaogopa mishale, hawamkaribii wala hawachunguzi njia zake; hutega muhogo uliotiwa sumu ya wadudu. Asubuhi hukuta mbwa wa jirani amekufa, na kunguru, na pengine kuku wao wenyewe, na sumu imebaki katika udongo ambao mtoto atauchezea. Anayemjua nungunungu hufanya vingine. Hujua kwamba hutoka usiku na hupita njia zilezile. Hujua kwamba katika mbalamwezi kali hupunguza kutembea, kwa hiyo hulinda zaidi zile siku za giza. Hujua kwamba hachupi wala hapandi bali huchimba na kuguguna, kwa hiyo huweka wavu wa waya na kuufukia chini kidogo ya ardhi. Akizidiwa humwendea afisa wanyamapori. Mkulima huyo amejifunza kwa kutazama, na muhogo wake unapona bila jirani kupoteza mbwa.

Mwingine atasema muhtasari ni mrefu, vipindi ni vichache, na nungunungu si jambo la kufa na kupona. Nilisikia maneno hayo kwa miaka 35. Huambatana na kila uzembe. Ukweli juu ya nungunungu hauhitaji kipindi kimoja cha ziada. Kufundisha kwamba huchoma kwa kurudi nyuma kunachukua dakika zilezile zinazotumika kufundisha kwamba hurusha. Wala hakuhitaji fedha. Mwiba mmoja ulioookotwa, ukipitishwa mikononi mwa watoto 50, ukitazamwa shina lake, ukipimwa kwa rula, ukilinganishwa na unywele wa kichwani, ni somo ambalo mkaguzi hawezi kulifuta kwa kalamu.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mlio kazini na mtakaoingia, nawaachia kazi. Kwanza, mkikuta katika mwongozo au kitabu kwamba nungunungu hurusha miiba, msahihisheni pembeni kwa kalamu, kisha mwandikieni aliyekichapisha. Pili, kabla ya kufundisha mnyama yeyote wa nchi hii, waulizeni watoto wamemwona wapi na alikuwa akifanya nini, na mwandike ubaoni majibu yao kabla ya majibu yenu. Tatu, mtoto akijibu kinyume cha karatasi, msimpige mkasi hadi mmemwuliza amejuaje. Akisema ameambiwa, mfundisheni. Akisema ameona, kaeni chini mmsikilize, kwa maana siku hiyo mwalimu ni yeye.